Maduka ni machache huko pembezoni, je, tuhamie?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama familia yenye watoto wadogo, isiyo na gari, inaweza kuishi vizuri kwenye mtaa mpya wa pembezoni mwa mji, ambako pango ni nafuu lakini maduka ni ya kuhesabu. Mimi nimeishi mtaa wa namna hiyo tangu ukiwa na nyumba chache na vichaka katikati, na bado nipo. Kwangu jibu ni ndiyo, ila uelewe kwanza maduka huwa yanakujaje, kwa sababu wengi huhama mapema wakidhani mtaa umekufa kumbe bado haujaanza.

Maduka hayaji pamoja na nyumba, huchelewa. Mfanyabiashara anahitaji wateja wa kutosha kulipa pango la fremu, umeme na msaidizi, kisha naye abakiwe na chake. Mwanajiografia wa Ujerumani, Walter Christaller, alilieleza jambo hili mwaka 1933: kila bidhaa au huduma ina idadi ya chini ya wateja inayoihitaji ili isimame, na ina umbali ambao mtu akiuvuka anaona bora aache. Sabuni na kiberiti vinahitaji nyumba chache tu. Duka la dawa linahitaji nyingi zaidi, benki nyingi kupita hapo. Kwenye mtaa unaojengwa kuna kitu kimoja kinachopindua mpangilio huo: vifaa vya ujenzi huwahi. Kwetu ulikuwa unapata saruji na misumari hatua chache kutoka mlangoni, lakini dawa ya homa ya mtoto ni mpaka upande gari.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba, usiishie kuhesabu maduka. Nenda jioni, siku ya kazi, giza likishaingia, uangalie taa. Mchana nyumba zote zinafanana, zimepakwa rangi na zina mageti. Usiku ndipo unapojua zipi zina watu na zipi zina mlinzi tu. Mtaa wenye nyumba nyingi zilizokamilika lakini giza tupu utakaa muda mrefu bila duka la maana, hata kama ramani ya mwenye mradi imechorwa kituo cha biashara chenye miti na maegesho. Kiwanja cha biashara kwenye ramani hakimlazimishi mtu kuja kuuza.

Halafu ingia kwenye duka lililopo na utazame rafu. Pitisha kidole juu ya makopo ya nyuma. Vumbi likiwa nene, mzigo hautembei, na hapo vitu vinavyoharibika haraka usivichukue bila kusoma tarehe. Muulize muuzaji mzigo wake huingia siku gani. Akikujibu papo hapo, ana mzunguko. Akisita, huenda analeta pale tu anapopata mtaji.

Sasa kuhusu bei, maana najua hilo ndilo linalowakera wengi. Ni kweli duka la jirani huuza juu kidogo. Mwenye duka ananunua kidogo kidogo, analipa usafiri kama wewe, na hapati punguzo la mzigo mkubwa. Lakini watu husahau kuhesabu nauli na muda wao. Dakika 40 kwenda na 40 kurudi kwa ajili ya kitu kimoja kilichopungua jikoni si nafuu hata kidogo. Kinachonifaa mimi ni kugawa: vizito, vikavu na vinavyokaa nanunua kwa jumla, kwa safari moja iliyopangwa, tena nikishirikiana na jirani ili tugawane gharama ya usafiri wa mzigo. Vya kila siku nanunua mtaani, makusudi kabisa.

Nasema makusudi kwa sababu hapa ndipo mitaa mingi ya pembezoni inapojiumiza yenyewe. Karibu kila mtu anafanya kazi mjini, na anaporudi ananunua kila kitu karibu na kituo cha basi cha huko huko. Anafika nyumbani mikono imejaa, anapita mbele ya duka la mtaani bila hata kugeuka, kisha mwisho wa wiki analalamika kwamba mtaa hauna huduma. William Reilly, Mmarekani, aliandika mwaka 1931 kwamba mji mkubwa huvuta wanunuzi kuliko mdogo, na mvuto huo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mvuto huo hauzuiliki, lakini sehemu ya matumizi yako unaweza kuibakiza. Kwetu duka la dawa la kwanza lilifungwa, na haikuwa kwa kukosa wagonjwa. Watu walilikimbilia usiku wa dharura tu, mengine yote wakanunua mjini. Mwenye duka haishi kwa dharura. Liliniuma sana, maana yule dada alikuwa akifungua hata ukimgongea alfajiri.

Kwa kuwa hamna gari, kipande cha mwisho ndicho kitakachoamua maisha yenu: kutoka kituoni hadi mlangoni. Kitembee mwenyewe ukiwa na mzigo kila mkono, kwa mwendo wa mtoto. Angalia kama kuna mahali pa kukwepea magari, kama maji ya mvua hukata njia, kama kuna taa. Mmarekani mwingine, Clarence Perry, alipendekeza mwaka 1929 kwamba mtaa upimwe kwa umbali ambao mtu anaumudu kwa miguu, karibu robo maili, yaani kama mita 400, na maduka yakae pembeni kwenye makutano ya barabara ili yapate wateja wa mitaa jirani pia. Kipimo hicho nakiamini. Ukipata nyumba iliyo karibu na makutano kama hayo, hata kama sasa pana fremu mbili tu, ichukue kabla ya ile nzuri zaidi iliyojificha ndani. Maduka yajayo yatafunguliwa hapo.

Mzigo wa kuletewa nyumbani ni msaada, ila mitaa mipya mara nyingi haina majina ya njia wala namba za nyumba. Andaa maelekezo mafupi ya maandishi, taja alama isiyohama, na uyahifadhi kwenye simu uyatume kila mara. Bango na kibanda huondolewa, usivitumie.

Na kwa sababu una watoto, kabla ya kulipa pango ulizia mambo mawili kwa majirani, si kwa dalali: dawa zinapatikana wapi baada ya saa mbili usiku, na gari la mwisho kutoka mjini hupita saa ngapi. Waulize wanawake wenye watoto wachanga. Wao watakupa jibu la kweli.