Dawa za kaka kwenye kopo la Blue Band

Dawa za kaka tulizitunza kwenye kopo la Blue Band juu ya friji. Za saratani, za degedege, za kuzuia kutapika, zote humo. Kama una mgonjwa wa glioblastoma, yaani saratani ya ubongo kama ya kaka, nyumbani, kopo la namna hiyo litupe leo, ununue daftari la kuandikia kila dawa anayomeza.

Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kwa ajili ya kupimwa yalipotoka, tuliambiwa atapigwa mionzi mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, huku akimeza temozolomidi, dawa ya saratani. Wikendi ya kwanza hatukumpa. Tulijiambia mionzi hakuna, basi na dawa ipumzike. Kumbe inamezwa kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, mpaka mionzi iishe. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza. Muulize daktari wako swali hilo kabla hujaondoka na dawa, na umuulize pia za kutapika zimezwe dakika ngapi kabla. Temozolomidi yenyewe kaka alimeza tumbo tupu, kapsuli nzima bila kuifungua.

Deksamethasoni ndiyo iliyotusumbua zaidi. Inapunguza uvimbe wa maji kwenye ubongo, na kichwa kiliacha kumuuma ndani ya siku mbili. Lakini tulikuwa tunampa dozi ya pili usiku, basi saa nane kaka yuko jikoni anapanga vyombo! Tulipoihamishia mchana akalala. Sukari nayo ilipanda, ingawa hajawahi kuwa na kisukari. Na usithubutu kuikatisha ghafla eti mgonjwa ana nafuu. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Kwa degedege alianzishiwa fenitoini. Daktari wa saratani alipoliona daftari akaibadilisha, akaandika levetirasetamu, dawa nyingine ya degedege. Alitueleza kwamba fenitoini hulifanya ini liiunguze deksamethasoni upesi, kwa hiyo mgonjwa anameza lakini haimfikii inavyotakiwa. Angejuaje kama tungeenda na kopo? Hata mizizi ya kuchemsha aliyoleta shangazi niliiandika. Wifi aliona haya, mimi nikaiandika tu, maana temozolomidi nayo inaweza kuumiza ini.

Halafu kuna matumaini ya WhatsApp. Binamu yetu aliyeko Ujerumani alitutumia habari za utafiti wa huko uliochapishwa 2019: lomustini, dawa nyingine ya saratani, ikiongezwa kwenye temozolomidi, nusu ya wagonjwa walivuka miezi 48, wakati kwa matibabu ya kawaida ilikuwa miezi 31. Familia nzima ikataka lomustini. Nilipouliza kliniki nikaelezwa kwamba wagonjwa wale walikuwa 129 tu, na wote uvimbe wao ulikuwa na alama ya MGMT, ile inayoonyesha kwamba uvimbe hauna nguvu ya kujikarabati pale dawa inapouharibu. Kwa hiyo kabla hamjauza kiwanja, ulizeni kipimo hicho kama kinapatikana. Bevasizumabu, dawa nyingine ya saratani, nayo watu huisifu sana; majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2014 yalionyesha inachelewesha uvimbe kukua tena, lakini haikuwaongezea maisha wagonjwa waliogunduliwa karibuni.

Namba za matibabu yenyewe ya kawaida nilizitafuta mwenyewe, na wifi sikumwambia mpaka aliponiuliza. Utafiti wa Roger Stupp na wenzake wa 2005 ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili waliopata mionzi pamoja na temozolomidi walikuwa hai asilimia 26.5, wa mionzi peke yake 10.4. Alinyamaza kidogo, akasema, “Basi tuihesabu hiyo ishirini na sita.”

Sasa kaka yuko kwenye mizunguko: siku tano anameza, siku 23 anapumzika. Kabla ya kila mzunguko anapimwa damu. Mzunguko wa tatu uliahirishwa kwa wiki moja kwa sababu chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa chini ya 100,000, zikapanda, akaendelea. Daftari sasa analiandika wifi, na pembeni ya kila tarehe anaweka na chakula alichokula. Jana kaandika: ugali, dagaa, kaomba tena.