Taya limenywea, turudi tena hospitali?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu wa miaka 6 alivimba taya, tukaambiwa ni saratani ya Burkitt, kwamba seli B za kinga yake zimekataa kufa. Amechomwa dawa mzunguko mmoja, taya limenywea. Shangazi yake anasema amepona, na kwamba chanzo ni maji ya ziwa. Ni kweli? Seli hukataaje kufa? – Mama, Igombe, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza la haraka: mrudishe tarehe ileile iliyoandikwa. Seli za Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 au 2, na zilizobaki huzioni kwa macho.

Seli B huzaliwa kwenye uboho, na haiishi bila kuambiwa iishi. Kipokezi chake cha nje hupeleka ndani ujumbe mdogo usiokatika, kupitia kimeng'enya kiitwacho PI3K. Tena hupokea protini ya BAFF, inayoamsha NF-kB, protini nyingine ya ndani ya seli, nayo huwasha jeni za kuzuia kifo. Ujumbe ukikatika, seli hujimaliza yenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Köln, Ujerumani, waliondoa kipokezi hicho kwenye seli B za panya, na seli zikatoweka.

Kwenye Burkitt, jeni ya MYC huhama kromosomu ya 8, mara nyingi ikaenda ya 14, jirani na jeni ya kingamwili ambayo seli B huiwasha muda wote. Basi MYC nayo haizimiki: gawanyika, gawanyika! Amri kali namna hiyo huziua seli nyingi. Nimeyaona hayo kwa hadubini miaka yangu yote ya maabara: uwanja wa buluu nzito, na humo madoa meupe, seli zinazomeza maiti za wenzao. Kila mara nilikumbuka taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, ukizitazama kutoka Capri Point, Mwanza. Seli zinazosalia ni zile zilizong'ang'ania njia ya PI3K, au zilizokingwa na virusi vya Epstein-Barr.

Maji ya ziwa hayahusiki. Kinachohusishwa ni virusi hivyo, ambavyo karibu sote tunavyo, pamoja na malaria ya mara kwa mara utotoni. Denis Burkitt aliueleza uvimbe huu mwaka 1958 akiwa Kampala, ng'ambo ya ziwa hilihili.

Shangazi anampenda mtoto, usigombane naye. Mwambie tu kwamba mzunguko wa pili unazifuata zilizoponyoka ule wa kwanza. Na kama kikwazo ni nauli, mweleze muuguzi wa wodi kabla ya siku hiyo kufika.