Ukiirudia Kung Fu Panda, mfuate Shifu

Nimeitazama Kung Fu Panda mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote, na kwa miaka mingi macho yangu yote yalikuwa kwa Po. Ni vigumu kuyatoa kwake. Panda mnene, mtoto wa muuza tambi, anaota kung fu usiku na mchana, halafu siku moja anaporomoka kutoka angani mbele ya kobe mzee Oogway na kutangazwa kuwa ndiye Shujaa wa Joka, mpiganaji anayesubiriwa kulilinda bonde lao. Unacheka, unamshangilia, filamu inaisha, unakwenda kulala. Kama uliipenda hivyo, nakushauri uitazame tena, na safari hii umwache Po ajiendee zake. Mfuate mwalimu wake, Shifu, yule mfupi mwenye masharubu meupe na masikio makubwa, anayezungumza kwa sauti ya Dustin Hoffman.

Mimi niligeukia kwa Shifu kwa sababu ya hesabu za kugawanya.

Mdogo wangu alikuwa anazishindwa, nami nikajitolea kumfundisha. Nilimfundisha nilivyofundishwa mimi: ukurasa mzima wa maswali, ukikosea moja unaanza upya. Jioni ya kwanza alivumilia. Jioni ya pili alinijibu kwa kutikisa kichwa. Jioni ya tatu hakunijibu kabisa, akawa anachora mistari pembeni mwa daftari, anaikandamiza penseli kila mstari zaidi ya uliotangulia, mpaka ncha ikavunjika. Nikasema basi, tupumzike. Tukaweka filamu anayoipenda.

Ikafika ile sehemu ya jikoni. Mpaka hapo Shifu ameshajaribu kila njia ya kumkatisha tamaa Po ili aondoke mwenyewe. Kila alichowafundishia wale wanafunzi wake watano, chuimilia, nyani, korongo, nyoka na vunjajungu, kwa Po kimegonga mwamba. Halafu anamkuta jikoni, mdomo umejaa, anakula kila alichokiona kabatini. Shifu hamfokei. Anamdokezea tu kwamba nyani ameficha biskuti zake rafu ya juu, anatoka, anarudi kuchungulia. Anamkuta Po yuko juu karibu na dari, miguu ameitanua huku na huku kwa namna ambayo siku chache nyuma ilimshinda kabisa. Po anadhani amefumaniwa akiiba. Shifu amekwisha kuona kitu kingine.

Na baadaye anatamka neno ambalo sikuwahi kulitilia maanani: kwamba pengine kosa ni lake, kwa kuwa hawezi kumfundisha Po kama alivyowafundisha wale watano. Niliposikia hivyo nilimtazama mdogo wangu. Yeye alikuwa anacheka biskuti.

Kesho yake daftari sikulifungua. Nilimuuliza tu timu yake, kwa pointi kumi ilizonazo katika mechi nne, imeshinda ngapi. Akajibu kabla sijamaliza swali: tatu, na sare moja. Nikamuuliza timu yenye pointi 24 kwa mechi 12 inapata ngapi kwa kila mechi. Mbili. Alikuwa anagawanya siku zote, ila hakuna aliyemwambia kwamba kule ndiko kugawanya. Kwa hiyo ninapokuambia mtazame Shifu, najua ninachokisema, maana filamu hii ilinionyesha nilipokosea.

Ukishaanza kumfuata, filamu nzima inajipanga upya. Chukua ile bakuli ya madonge ya mvuke, ambayo kwangu ndiyo sehemu bora kuliko zote. Mafunzo yamekwisha, Shifu anamwekea Po bakuli na kumwambia yuko huru kula. Po anainua donge la kwanza, Shifu analidaka na kulila yeye. La pili, hivyo hivyo. Ndipo vita inapoanza, vijiti kwa vijiti, donge linaruka hewani, bakuli zinageuzwa kuwa ngao. Wengi hutazama kama Po atalipata lile donge la mwisho. Wewe mtazame mwalimu. Alianza filamu akiwapiga wanafunzi wake kwa filimbi na kumhesabia kila mmoja kasoro zake. Hapa anacheza! Na Po akishalishinda donge lake, halili. Anamrushia Shifu na kusema hana njaa. Tangu tumeonana naye hajawahi kuwa na shibe, na sasa anatoa tonge lake.

Kisha rudi nyuma kwenye kisa cha Tai Lung, yule chui wa theluji ambaye ndiye adui wa filamu. Shifu alimwokota angali mtoto mchanga, akamlea kama mwanawe, akamjaza imani kwamba ndiye atakayepewa Gombo la Joka, gombo la siri analotunziwa Shujaa wa Joka. Oogway, mwalimu wa Shifu mwenyewe, akakataa. Tai Lung akalivamia bonde kwa hasira, na kwa ajili hiyo amefungwa miaka 20 ndani ya mlima, walinzi elfu moja kwa mfungwa mmoja. Oogway anaposema amepata maono kwamba Tai Lung atarudi, Shifu anaingiwa na hofu na papo hapo anamtuma bata mmoja akaongeze ulinzi. Unyoya wa bata huyo ndio unaodondoka gerezani, na kwa unyoya huo Tai Lung anafungua kufuli za vazi lililomfunga mwili mzima. Nilipokuwa namtazama Po niliona hapo ni bahati mbaya tu. Ukimtazama Shifu unaona hofu yake mwenyewe imekwenda kumfungulia yule anayemhofia.

Kuna na mazungumzo ya mti wa pichi. Shifu anajigamba kwamba anaweza kuamua tunda lidondoke lini na mbegu ipandwe wapi. Oogway anamwambia ni kweli, lakini mbegu ya pichi itazaa pichi, hata utamani tofaa au chungwa kiasi gani. Sehemu hii watu huipita haraka kwa sababu kobe anakaribia kuondoka na maua yanaanza kupeperuka. Isikilize kwa utulivu, utaihitaji mwishoni kabisa.

Kilele changu mimi kimetangulia pigano la mwisho. Tai Lung amemwangusha Shifu, anamuuliza ni nani aliyemjaza ndoto, ni nani aliyemfanyisha mazoezi mpaka mifupa ikalia. Na Shifu anakiri. Anasema alimpenda mno kiasi cha kutoona anamgeuza kuwa nini, na anamwomba radhi. Simamisha picha hapo. Uso wa Tai Lung unalegea, macho yanamwelekea Shifu kama ya mtoto, kwa sekunde moja au mbili hivi. Halafu anamshika koo. Sijui katuni nyingine ambayo mwalimu anamwomba mwanafunzi radhi na radhi ile isisaidie kitu.

Mapigano nayo yatazame bila sauti angalau mara moja. Aliyeyapanga, Rodolphe Guenoden, ni mchoraji katuni anayeijua sanaa ya mapigano kwa vitendo, na inaonekana. Wale watano hawakubuniwa ovyo. Mtindo wa chuimilia, wa korongo, wa nyani, wa nyoka na wa vunjajungu yote ipo katika kung fu ya China, na kila mnyama anapigana kwa mtindo unaoitwa kwa jina lake. Bila sauti utaona korongo anavyosukuma kwa upepo wa mbawa wakati chuimilia anaingia moja kwa moja kifuani. Po hana mtindo wa mnyama yeyote. Silaha yake ni tumbo lake, na Shifu ndiye aliyekubali iwe hivyo.

Siipendi kwa upofu. Utani wa unene umezidi, hasa nusu ya kwanza, na yapo maneno ambayo kama unatazama na mtoto anayechekwa kwa mwili wake utatamani yasingekuwemo. Na chuimilia amepunjwa. Naye alilelewa na Shifu huyohuyo, aliingia akamkuta mlezi aliyekwisha kuvunjika moyo, na filamu inalitaja jambo hilo kwa maneno machache kisha inakimbia. Hapo palikuwa na filamu nyingine nzima.

Ya pili, ya 2011, aliiongoza Jennifer Yuh Nelson, aliyesimamia pia ile ndoto ya michoro bapa inayofungua ya kwanza. Kwa uzuri wa picha huenda inaishinda ya 2008. Ila ina mauaji ya panda na mtoto anayefichwa na mama yake, kwa hiyo itazame kwanza wewe kabla ya kuwawekea wadogo. Zilizofuata, za 2016 na 2024, zinachekesha, nami huzirudia mara chache.

Nikirudi kwenye ile ya kwanza: majina yakianza kupita, usizime. Wengi huzima. Vumilia mpaka mwisho, muziki ukome, yatokee tena mahali pa mti wa pichi. Shifu na Po wamekaa pamoja wanakula madonge, hakuna anayemnyang'anya mwenzake, na karibu nao, pale Shifu alipoipanda mbegu, umechomoza mche mdogo wa kijani.