Chuo cha Michigan au Ohio State: nani kapeleka vichwa NFL, ligi kuu ya soka la Kimarekani?

Kaka, hoja yako kwamba Michigan wako juu kwa sababu ya Tom Brady, kwotabeki (mrushaji mpira mkuu) aliyetoka kwao, haijakaa sawa. Brady ni mtu mmoja! Tena drafti ya mwaka 2000 (timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu) alisubiri mpaka raundi ya sita, akachukuliwa wa 199. Pete zake saba za ubingwa kazipatia timu za New England na Tampa, huko chuoni hata namba alikuwa akiigombania.

Ukitaka kupima chuo, tazama wanaotoka kila mwaka. Chukua wadakaji tu (wanaopokea pasi) wa Ohio State kwenye drafti: 2022 Garrett Wilson alichaguliwa wa 10 na Chris Olave wa 11, wamefuatana kabisa. 2023 Jaxon Smith-Njigba, 2024 Marvin Harrison Jr. wa nne, 2025 Emeka Egbuka. Wote raundi ya kwanza. Hiyo si bahati, mtoto wa sekondari anaona mwenyewe njia iko wapi.

Michigan nao wana mastaa kama Charles Woodson na Aidan Hutchinson, na drafti ya 2024 walitoa wachezaji 13 kwa mpigo, siwabezi. Ila mwaka uliofuata Ohio State wakatoa 14. Kwotabeki ndiyo tubishane: kabla ya C.J. Stroud, wa Ohio State hawakuwa wakitamba sana NFL.