Mwanangu amerudi kutoka Somalia: je, toba yake inakubaliwa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naandika kutoka Kwale. Kijana wangu aliondoka nyumbani akaniaga kuwa amepata kazi bandarini Mombasa. Baada ya miezi ndipo nikapata habari kuwa yuko Somalia kwa Al-Shabaab. Mwezi uliopita alibisha hodi usiku, amekonda, hasemi. Anasema hakupigana. Alikuwa mpishi, kisha akawekwa kwenye kizuizi cha barabarani kuandika risiti za malori, na wakubwa zake wakimwambia hiyo ni haki ya dini kama zaka. Amekuja na pesa, noti zimefungwa kwa mpira, nimezificha kwenye kopo la unga. Kaka zangu wanataka nimfukuze. Jirani mmoja ananiambia kijana alikuwa kwenye jihadi, asilaumiwe. Sheikh, mwanangu amefanya nini? Toba yake yakubaliwa? Na pesa hizi, je, naweza kumlipia mdogo wake ada ya skuli?

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mama, Mwenyezi Mungu akupe subira. Naanza na neno la jirani yako, jihadi, kwa sababu ndilo lililomtoa mwanao nyumbani.

Fiqhi yetu haikuyatia makosa haya yote kwenye kapu moja. Mwenye kuchukua mali kwa siri ni mwizi, na ana hukumu yake. Wenye kujikusanya kwa silaha, wakaziba njia, wakaua, wakapora na kuwatia watu hofu, kosa lao linaitwa hiraba, nalo limetajwa katika Suratul Maida aya ya 33. Wafasiri wengi wanaieleza aya hiyo kwa kisa cha watu wa Ukl na Urayna. Walifika Madina wagonjwa, wakapewa maziwa ya ngamia mpaka wakapona, kisha wakamuua mchungaji na kuwaswaga ngamia. Kundi la tatu ni bughati: watu wenye nguvu na wafuasi, wanaomwasi mtawala kwa hoja wanayoiamini. Hawa sharia imewalegezea. Huulizwa kwanza wanalalamikia nini, na ikiwa kuna dhulma, iondolewe. Wakipigwa vita, kwa madhehebu yetu ya Kishafi, anayekimbia hafuatwi, majeruhi hamaliziwi, na mali zao si ngawira, yaani hazigawanywi kama nyara za vita. Wasomi wa elimu ya uhalifu wa leo nao hutenganisha uhalifu wa kisiasa, ugaidi na magenge ya kihalifu, na mipaka wanayoichora haiko mbali na hii.

Jirani yako anataka kumweka mwanao kwenye kundi la tatu, au juu yake. Basi tuangalie matendo ya Al-Shabaab. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate, Nairobi, wengi wao wakiwa kwenye shughuli zao za kununua vitu na kula na watoto wao. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, waliuawa watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, karibu wote wanafunzi. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori la mabomu liliua zaidi ya watu 500 kwenye njia panda ya Mogadishu, mji wa Waislamu. Malalamiko ya kisiasa, hata yakiwa ya kweli, hayamhalalishii mtu damu ya mwanafunzi aliyelala. Anayeilenga damu hiyo ametoka kwenye hukumu laini ya bughati na kuingia kwenye hiraba, ajiite jina lolote.

Na hili si jambo geni. Wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, kundi lililoitwa Makhawariji lilijitenga naye kwa hoja ya kisiasa lililoivisha aya ya Qur'ani. Ali hakuwakamata kwa maneno yao. Aliwaambia hatawazuia misikiti, hatawanyima fungu lao, wala hataanza yeye kuwapiga vita. Kisha wakakutana njiani na Abdullah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, yuko na mkewe mjamzito. Wanahistoria wamehifadhi jambo moja dogo ambalo kila nikilisoma hunishika koo. Mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini ya mtende, akaitia mdomoni. Mwenzake akamkemea: unaila bila idhini ya mwenyewe na bila kuilipa? Akaitema. Baada ya hapo wakamchinja Abdullah kando ya maji, na mkewe wakampasua tumbo. Ali akawataka watoe wauaji, wakajibu kuwa wote ni wauaji. Hapo ndipo akawapiga vita huko Nahrawan, Iraq, mwaka 38 Hijria. Hakuwapiga kwa rai yao, bali kwa damu waliyomwaga.

Mama, mwanao alikuwa miongoni mwa watu wa tende ile. Walimfundisha kuandika risiti kwa uaminifu, shilingi isipotee, kwa mali ambayo si yao.

Sasa kizuizi. Al-Shabaab wana zaka wanayokusanya kwa wafanyabiashara na wafugaji, na wana ushuru wa barabarani kwa kila lori. Dereva hupewa risiti ili asitozwe tena kizuizi kinachofuata, na asiyelipa anajua kitakachompata. Mkaa nao uliwaingizia pesa nyingi mno, hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku mkaa wa Somalia mwezi Februari 2012. Zaka ina nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali, ina mwaka wa kutimia, na wapokeaji wake wanane wametajwa katika Suratu Tawba aya ya 60. Fungu la baruti halimo. Kinachochukuliwa kwa bunduki kwa kila safari, wanachuoni wamekiita maksi tangu zamani, yaani ushuru wa dhulma. Tofauti yake na genge linalozunguka madukani kudai pesa za ulinzi ni bendera tu.

Ama toba, sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa rehema ni pana kuliko kaka zako wanavyodhani. Baada tu ya ile aya ya hiraba, Mwenyezi Mungu amewatoa kwenye adhabu hiyo wale waliotubu kabla hamjawatia nguvuni. Mwanao hakukamatwa. Alibisha hodi mwenyewe. Na katika Sahihi Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema juu ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyejileta mwenyewe kukiri zina, kwamba ametubu toba ambayo lau angeitubu mtoza maksi, angesamehewa. Naitaja hadithi hii kwa makusudi: kosa lililotajwa humo ni lile lile la kwenye kizuizi cha barabarani. Ni kubwa mno, na bado mlango wake upo.

Lakini toba hiyo huondoa haki ya Mwenyezi Mungu tu. Haki za watu, damu na mali, hazianguki. Ikiwa aliua, warithi wa aliyeuawa wana haki yao. Ikiwa kweli alipika na kuandika risiti tu, basi ni msaidizi. Imamu Shafi anaona msaidizi asiyefanya tendo lenyewe hapewi adhabu ya hiraba, bali hutiwa adabu kwa makadirio ya hakimu. Jumhuri ya wanachuoni, yaani walio wengi, wamemhesabu kama mtendaji, kwa kuwa bila mpishi na mlinzi jambazi hasimami. Mimi nafuata rai ya Shafi hapa, lakini asijidanganye kuwa kupika si kitu.

Nani wa kumhukumu? Si mimi, wala si kaka zako. Mahakama ya Kadhi yenyewe, kwa ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inasikiliza ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu binafsi, haina mkono kwenye jinai. Jambo hili ni la dola. Naijua hofu yako. Pwani hii kuna akina mama ambao watoto wao walichukuliwa na hawajaonekana hadi leo, na sitakudharau kwa kukwambia hofu hiyo haina msingi. Kwa hivyo asiende peke yake wala asiende usiku. Mtafutieni wakili kwanza. Mchukueni wazee wawili na imamu wa mtaa, mwende mchana, mwandike jina la afisa aliyempokea na saa. Serikali iliwahi kutangaza msamaha kwa waliorudi, Aprili 2015 baada ya Garissa. Muulizeni wakili njia iliyopo sasa. Na atakachokisema akiseme chote, hasa majina ya waliompeleka, kwa sababu kuna mtoto wa mama mwingine anayeahidiwa kazi ya bandarini wiki hii.

Kumfukuza siafiki. Waliomchukua mara ya kwanza wanaujua mlango wako, na kijana asiye na pa kulala huwarudia.

Zile pesa usizitumie hata senti moja. Wenyewe ni madereva na wafanyabiashara ambao hatuwezi kuwajua mmoja mmoja. Asili ya mali kama hiyo ni kutolewa kwa maslahi ya watu wote kwa niaba ya wenyewe, bila mtoaji kuhesabu thawabu ya sadaka. Lakini hizi ni ushahidi pia. Zitoe kwenye kopo mbele ya wakili, zihesabiwe, ziandikwe, ziende pamoja na kijana.

Ada ya mdogo wake tutaitafuta kwingine. Mwambie imamu wenu anipigie kabla ya Ijumaa, nami nitazungumza na kamati ya msikiti kuhusu mfuko wa wanafunzi.

Wallahu aalam.