Skrini inaandika CLEAR badala ya kufuta

Swali: Fundi, habari. Nimeunda kipimo cha maji cha tangi la juu ya ploti yetu kwa Arduino Uno (bodi ndogo ya kupangia programu) na skrini ya herufi 16 kwa mistari 2, ile ya nyaya tatu tu. Maandishi yanatokea vizuri, ila nikituma neno CLEAR linaandikwa tu. Nikaambiwa nitume 254 kisha 1. Sasa inaandika 2541. Tena kila mwisho wa neno kuna vialama viwili nisivyovielewa. Imeharibika? – Msomaji, Kayole

Jibu: Haijaharibika. Skrini hiyo haijui neno lolote, la Kiingereza wala la Kiswahili. Kila baiti (namba moja, 0 hadi 255) inayoingia huichora kama herufi, isipokuwa chache zilizotengwa. Kwenye SerLCD, skrini ya kampuni ya SparkFun, na zinazofuata mtindo wake, baiti ya 254 humaanisha "inayofuata ni amri". Wewe umetumia `print(254)`, na `print` huigeuza namba kuwa maandishi: zimesafiri baiti tatu, 50, 53 na 52, yaani alama za "2", "5" na "4". Tumia `write`, itoke baiti moja tu:

```
#include <SoftwareSerial.h>
SoftwareSerial skrini(2, 3);

void setup() {
  skrini.begin(9600);
  delay(500);
  skrini.write(254);
  skrini.write(1); // futa
  delay(5);
  skrini.write(254);
  skrini.write(192); // mstari wa pili
  skrini.print("Tangi: ");
}

void loop() {}
```

Nusu sekunde ya mwanzo ni ya skrini kuamka. Zile milisekunde 5 usizitoe: kufuta ndiyo kazi nzito kwa chipu ya skrini, huchukua takriban milisekunde 1.5, na herufi ikiwahi kabla haijamaliza inaweza kupotea.

Kwa nini 192? Amri ya kuhamisha kielekezi (mahali herufi inayofuata itaandikwa) ni 128 ukijumlisha na nafasi. Mstari wa kwanza unaanza 0, wa pili unaanza 64. Si 16! Huu mpangilio unatokana na chipu ya Hitachi HD44780, ambao skrini nyingi za herufi bado zinaufuata. Ukituma 144 ukidhani umefika mstari wa pili, maneno yataingia kwenye kumbukumbu iliyo nje ya kioo, utabaki ukikagua nyaya bure. Ukija kununua ya herufi 20 kwa mistari 4, mianzo ni 128, 192, 148 na 212.

Vile vialama viwili ni `println`. Huongeza baiti za 13 na 10 mwishoni. Kompyuta huzielewa kama mstari mpya, lakini skrini inazichora. Weka `print`.

Kuna jambo hujaliuliza ila litakukuta tangi likianza kupungua. Ukiandika 100% kisha 99% mahali palepale, utaona 99%%, kwa sababu ile alama ya mwisho ya zamani haijafutwa na mtu. Usikimbilie kufuta skrini yote kila mara, itapepesa hadi macho yaume. Tenga nafasi 4 za kipimo, na namba ikiwa fupi jazia kwa nafasi tupu: `"99% "`.

Sasa waya. Ukiwa umeuchomeka pini ya 1 ya Uno, uhamishie ya 3 kama nilivyoandika hapo juu. Pini ya 1 iko kwenye njia ya USB, kwa hiyo baiti zisizo na mpango zinaweza kufika kwenye skrini unapopakia programu. Kero ya baiti hizo si takataka kwenye kioo tu: 124 nayo ni mlango wa amri za mipangilio, na ikifuatwa na baiti fulani inaweza kubadilisha kasi ya mawasiliano. Hapo 9600 yako haisomeki tena, nawe utadhani skrini imekufa. Kwa sababu hiyohiyo usiipambe kwa alama ya `|`, maana hiyo ndiyo 124 yenyewe.

Ikiwa uliinunua Luthuli Avenue, Nairobi, bila karatasi ya maelezo, geuza bodi usome jina la mtengenezaji kabla ya kunakili amri hizi. Za Matrix Orbital, kwa mfano, pia huanza na 254, lakini kufuta ni 88, si 1.