Shangazi, naamka saa kumi alfajiri lakini sisongi mbele

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili, naishi Mbagala. Huu ni mwaka wa tisa natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Shule niliishia darasa la saba. Mwaka jana tajiri alileta kijana wa miaka 23 mwenye cheti, akampa kompyuta, na sasa mshahara wake umenipita. Tangu Januari nimeamua kubadilika. Naamka saa 10 alfajiri kuandika malengo, kwenye daladala nasikiliza hamasa, usiku naangalia video za mafanikio mpaka saa 6. Nimekwenda semina mbili, kila moja shilingi 50,000. Nimejitenga na watu wa mawazo hasi, hata kijiweni siendi. Kazini naingia saa 1 asubuhi natoka saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Lakini badala ya kupanda nashuka. Mwezi uliopita nilimpa mteja nondo za milimita 16 badala ya 12, tajiri akanifokea mbele ya watu. Mke wangu analalamika kwamba nimekuwa mkali. Nakosea wapi?*

*Mtunza stoo*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hizo nondo. Mtu aliyekaa stoo miaka tisa anaijua nondo ya 12 na ya 16 kwa kuishika tu, hata umeme ukikatika. Ujuzi wako haujapotea popote. Ulikuwa na usingizi. Unalala saa 6 usiku, unaamka saa 10, hizo ni saa nne, na mtu mzima anahitaji walau saba. Najua semina wamekuambia usingizi ni wa wavivu. Msemaji wa semina akishamaliza anachukua bahasha yake anakwenda kupumzika. Wewe unakwenda kuhesabu mifuko ya saruji ya kilo 50 na kupokea lori la bati. Zima simu saa 4 usiku, amka saa 11. Malengo umeshayaandika tangu Januari, hayahitaji kuandikwa tena kila alfajiri.

Na huo uchovu wako una chanzo kingine ambacho hujakitaja kabisa, umeniandikia saa zako za kazi kama mtu anayetaja hali ya hewa. Saa 11 kwa siku, siku sita. Nikitoa saa moja ya chakula kila siku, zinabaki 60 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zinazozidi ni za makubaliano, zinalipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na katika wiki nne zisifike zaidi ya 50. Zako za ziada ni 15 kila wiki, yaani 60 kwa wiki nne. Sikutumi ukamshitaki tajiri kesho. Najua maduka ya Kariakoo yanavyoendeshwa, na najua mkataba wako pengine ni wa mdomo. Nataka ujue tu kwamba mtu anayefanya kazi saa hizo akachoka hana kasoro ya tabia. Anza kuandika saa zako kwenye daftari. Siku mtakapokaa kuzungumza mshahara, utakuwa na cha kushika.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Barua yako yote ni semina, video, malengo na watu hasi. Kompyuta umeitaja mara moja tu, tena kama mali ya yule kijana. Hapo ndipo ulipo mshahara uliokupita, mwanangu, na hapo ndipo hujagusa hata siku moja tangu Januari.

Yule kijana anafanya nini pale? Anaingiza mzigo uliofika, mzigo uliotoka na uliobaki. Wewe hicho kitu unakifanya kwenye leja kwa mkono tangu akiwa bado mwanafunzi. Hakukuzidi hesabu, kakuzidi mahali pa kuziandikia. Kujaza majedwali ya Excel kwa kazi ya stoo hakuhitaji shahada. Mtu anayeielewa leja, akionyeshwa dakika ishirini kila siku, baada ya wiki chache anajaza mwenyewe. Kuandika kwa vidole viwili kunaruhusiwa. Nimeona wahasibu wa heshima wanaandika hivyo.

Kwa nini basi hujamwomba akuonyeshe? Hukuniambia, lakini nadhani ninajua. Umri. Mtu wa miaka 34, mwenye mke na watoto, amwombe kijana wa 23 amfundishe, tena kijana anayemzidi mshahara. Ukaona afadhali umlipe 50,000 mgeni ukumbini, ambaye hatakuona umeshindwa kushika kipanya. Semina haikuaibishi, na kwa sababu hiyo haikufundishi kitu.

Wakati wa chakula mfuate, mwambie hivi: "Mdogo wangu, nionyeshe unavyoingiza mzigo wa leo." Basi. Usijieleze, usianze historia ya darasa la saba. Na usimwendee mikono mitupu, maana na yeye ana ya kwake yanayomtesa. Nina hakika siku ya kwanza alidhani bati la geji 30 ni nene kuliko la geji 28, kwa kuwa namba ni kubwa. Nina hakika hajui kwamba saruji haipangwi sakafuni wala haigusi ukuta, na kwamba mzigo uliotangulia kuingia ndio unaotangulia kutoka kabla haujashika unyevu ukaganda. Vitu hivyo kompyuta haimwambii. Mfundishe bila kumkoga, na msikosoane mbele ya wateja. Kazi hiyo tajiri anaiweza mwenyewe.

Kuhusu cheti nitasema kwa kifupi kwa sababu ni safari ndefu. Aliyeishia darasa la saba hajafungiwa. Kuna mtihani wa maarifa, wenyewe wanauita QT, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani. Ukiufaulu unaruhusiwa kujisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu hazitakusumbua. Kitakachokusumbua ni Kiingereza, kwa kuwa wewe umesoma kwa Kiswahili na masomo karibu yote ya sekondari yanatahiniwa kwa Kiingereza. Hizo saa za video za mafanikio zihamishie kwenye kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza, nusu saa tu kabla ya kulala, halafu ulizia madarasa ya jioni kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ukipata kidato cha nne, ugavi, yaani manunuzi na utunzaji wa stoo, ni taaluma kamili hapa kwetu, ina bodi yake, PSPTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mitihani yake. Lakini usianze vyote mwezi huu. Kompyuta kwanza.

Mke wako. Umeniandikia kwamba analalamika, hukuandika kama umewahi kumuuliza anachotaka. Laki moja ya semina ilitoka wapi, mwanangu? Kama ilitoka kwenye fungu la nyumba bila yeye kujua, hayo si mawazo hasi, hiyo ni hasira ya halali, na utaomba radhi kabla hujamweleza mpango wowote mpya. Jumapili moja kaeni, mwonyeshe hii barua ukitaka. Mwambie utalala saa 4. Nadhani hilo peke yake litamfurahisha.

Na kijiweni urudi. Si kila siku, Jumapili jioni inatosha. Sijui nani alianzisha huu mtindo wa kumwita kila anayekutania mtu wa mawazo hasi. Hao jamaa ukifiwa ndio watakaofunga turubai na kukesha kwako, na habari ya stoo inayotafuta mtu mara nyingi inapita kijiweni kabla haijafika kwenye tangazo.

Nyongeza ya mshahara usiiombe sasa, nondo za juzi bado ziko kichwani mwa tajiri. Subiri miezi mitatu ya hesabu safi, hakikisha ripoti ya mwezi wa tatu umeichapa mwenyewe, kisha nenda asubuhi kabla duka halijajaa, na lile daftari la saa zako mkononi. Taja kiasi unachotaka. Akisema atafikiria, muulize mpaka lini.